Salamanda wa mwezi wa nne atoke!

Nimepotea, najua. Ilianza TP, ikaja UE, halafu bumu likachelewa nikawa sina hata nguvu ya kuandika, teh teh. Leo nimekuja na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Wengine mnajua, wengine hamjui: kikundi chetu hapa chuoni kinaandaa kalenda. Kalenda ya vyura. (Mshaanza kucheka. Tangu ule wimbo wa 2016 ambao video yake serikali iliifungia, neno chura halisemeki chuoni bila mtu kumwangalia mwenzake kwa nyuma. Na watani wa Simba nao wanauliza kama ni kalenda ya Yanga. Chekeni mmalize, nasubiri.)

Mshamaliza? Haya. Mpango ulikuwa hivi: shindano la picha, la wananchi, kule kwetu Nyamahanga, upande ambao Ngara na Biharamulo zinapakana. Mtu yeyote, kwa simu yake au ya kuazima, apige picha ya chura anayeishi bondeni kwake, aandike mahali na tarehe, alete. Picha 12 zinakuwa miezi 12. Mapato yanunue vifaa vya maabara ya shule. Wazo lenyewe tuliliiga kwa wapenzi wa salamanda huko Marekani na Ulaya, ambao hushindanisha picha za wanyama wao na kuzitolea kalenda. Mimi sioni ubaya kuiga wazo zuri.

Ubaya ni kwamba tumeiga mpaka salamanda mwenyewe!

Juzi sampuli imeletwa kikaoni. Nafungua mwezi wa nne nakuta mnyama mweusi mwenye madoa ya njano, mkia mrefu, katulia juu ya majani makavu ya mti ambao Kagera nzima haupo. Picha safi kabisa, inang'aa, imeshushwa intaneti. Mwezi wa tisa naye kakaa niuti mwenye tumbo la rangi ya chungwa. Nikauliza picha zilizokuwepo hapo zimekwenda wapi. Kimya. Baadaye ndiyo naambiwa: ile ya mwezi wa nne "haikuwa na ubora".

Hiyo isiyo na ubora naijua. Kaipiga binti wa kidato cha pili, kwa simu ya mjomba wake, jioni, mdogo wake akimshikia tochi. Ni chura wa matete, mdogo kama ncha ya kidole gumba, ana mistari meusi na meupe utadhani kavaa fulana ya timu, kang'ang'ania jani la tete. Picha ina ukungu kidogo, kweli. Mkono ulitikisika. Lakini jicho la chura linaonekana, na nyuma yake linaonekana bonde ambalo mimi nimeogelea nikiwa mtoto.

Nilipolalamika, mwenyekiti wetu (ni rafiki yangu, na anajua namsema) akanijibu: "Mwalimu, usikuze mambo. Amfibia ni amfibia tu."

Amfibia ni amfibia tu! Mtu anayesomea ualimu wa sayansi!!

Hebu tuelewane. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili hata mmoja. Hakuna niuti hata mmoja. Barani Afrika wanaishi kule juu kabisa, Morocco, Algeria na Tunisia, ng'ambo ya jangwa. Ukitoka Nyamahanga kwa miguu kumtafuta salamanda utapita misitu ya Kongo na Sahara yote kabla hujamwona. Amfibia wetu ni wa makundi mawili. Wapo vyura, na Tanzania peke yake ina aina zaidi ya 200. Halafu wapo wale wasio na miguu, wanaofanana na mnyoo mkubwa, wataalamu wanawaita sesilia, wanaishi chini ya udongo kwenye milima kama Usambara na Uluguru. Hawa mkulima akimfukua na jembe anadhani ni nyoka anamkata. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba sesilia mmoja wa milima ya Taita, hapo Kenya tu, huwalisha watoto wake ngozi yake mwenyewe: ngozi ya juu inanenepa na kujaa mafuta, watoto wanaibandua kwa meno. Mama anayelisha watoto ngozi yake, jirani yetu, na hakuna anayemweka kwenye kalenda! Tunakwenda kuazima mjusi wa maji wa Ulaya.

Sasa niseme lililonichoma zaidi, na hapa najisema mwenyewe.

Kwenye TP nilipangiwa shule moja huko huko kwetu. Kidato cha pili, kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Naandika ubaoni makundi ya wanyama wenye uti wa mgongo. Amfibia: chura, niuti, salamanda. Kama nilivyoandikiwa mimi na mwalimu wangu, naye kama alivyoandikiwa na wake. Desa la vizazi na vizazi. Binti huyu huyu akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, salamanda anaishi wapi?"

Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Sehemu zenye majimaji."

"Hata huku bondeni kwetu?"

"Hata huku, ukimtafuta vizuri."

Wadau, nilidanganya. Nilikuwa sijui, na badala ya kusema sijui nikasema ukimtafuta vizuri. Mwalimu aliyekuja kunikagua alikuwa amekaa nyuma anaandika, nami nikaogopa maksi zangu. Mtoto wa watu akaenda KUMTAFUTA. Ndivyo alivyofika bondeni jioni ile na simu ya mjomba wake. Salamanda hakumwona, atamwonaje? Akamwona chura wa matete, akampiga picha huyo, akaniletea na kusema, "Shikamoo mwalimu, yule mwingine nimemkosa, labda msimu mwingine." Nikaitikia marahaba, na ilibidi niangalie pembeni.

Na sasa kamati yangu inachukua picha ya yule aliyempata, inaitupa, inaweka picha ya yule niliyemdanganyia. Kalenda ikifika shuleni kwake atafungua mwezi wa nne, ataona mimi ndiye nilikuwa sahihi na macho yake ndiyo mabovu.

Msiniambie ni karatasi tu, mwaka ukiisha inatupwa. Nani amewahi kuona kalenda inatupwa kijijini? Kwa bibi yangu kuna ya 2015, ya uchaguzi, bado inaning'inia pale sebuleni. Bibi anaijua sana tarehe ya leo kuliko mimi, ila picha inampendeza, na ukuta una ufa pale. Kalenda ikipata ukuta inakaa miaka kumi. Salamanda wetu wa kuazima atafundisha watoto miaka kumi, bila TP na bila mkaguzi.

Mtaniuliza, picha moja ya chura ina faida gani? Nawajibu kwa Kihansi. Wengi mnaijua ile habari kama kichekesho, eti wazungu wanampenda chura kuliko umeme wetu. Someni vizuri. Yule chura aligunduliwa mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wakati ujenzi wa mradi wa umeme umeshaanza. Mdogo, wa manjano, hatagi mayai, anazaa watoto hai, na dunia yake yote ilikuwa hekta chache za majani yaliyolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Mitambo ya megawati 180 ikachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakauka. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia, wakapeleka vyura karibu 500 New York mwaka 2000. Halafu 2003 waliobaki korongoni wakaanza kufa kwa kasi, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Kutoka kujulikana mpaka kutoweka ni miaka 13, umri wa mtoto wa darasa la saba. Mwaka 2010 wakarudishwa 100, wakafugwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Sisemi umeme usingejengwa, na mimi nadesa usiku kwa umeme huo huo. Nasema tulimjua kwa kuchelewa. Na Nyamahanga je? Mimi nimezaliwa huko na siwezi kuwataja vyura watatu kwa majina. Tangu 2019 tuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato jirani, watalii wanaulizia twiga, sawa. Lakini bonde linalolimwa maharage na viazi kila kiangazi, nani anajua kuna nini ndani? Picha yenye mahali na tarehe, hata ikiwa na ukungu, mtaalamu anaweza kuitazama akasema huyu ni fulani. Salamanda aliyeshushwa intaneti atamwambia nini mtaalamu? Kwamba tuna bando!

Na hiyo picha ina mwenyewe. Kuna mtu kaamka alfajiri kwenye baridi ya kwao akaipiga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo. Tunataka kuuza kitu cha wizi halafu tununue darubini ya shule? Na hii ihusu pia picha za wanakijiji: jina la mpigaji likae chini ya picha yake, mzazi aombwe ruhusa kama ni mtoto, na picha ibaki mali yake.

Nikiwa bado nimewaka, kuna mengine. Tarehe ya mwisho mliyoweka, mwisho wa Agosti, imepangwa na mtu anayeangalia likizo yake, hakuangalia mvua. Kwetu Juni hadi Agosti ni kiangazi. Vyura wengi wamejichimbia. Mvua zinaanza Septemba, Oktoba, na ndipo usiku unageuka harusi: kuna mmoja sauti yake ni kama tone la maji linaloangukia kwenye mtungi, anasikika sehemu nyingi za savana, na huyo haruki, anakimbia kwa miguu kama panya! Sogezeni tarehe hadi katikati ya Novemba. Mchapaji atalalamika. Alalamike.

Kupiga kura mtandaoni nako nakataa. Atashinda mwenye marafiki wengi Dar. Tuzibandike picha siku ya gulio, kila moja na kopo lake, mtu apewe punje moja ya harage aitumbukize anapotaka. Bibi yangu hana simu janja lakini ana macho.

Na masharti ya kumpiga chura picha yaandikwe juu kabisa, kabla ya zawadi, maana tukitangaza zawadi bila masharti tutawaua tuliotaka kuwaonyesha. Watoto wetu wanajua kumwagia chura chumvi, na wakubwa wanasema ni mchawi. Ngozi yake inapitisha maji na hewa, kwa hiyo mkono wenye sabuni, losheni au dawa ya mbu unamdhuru. Ni bora asishikwe kabisa. Asiwekwe kwenye friji ili atulie (msicheke, wapo wanaofanya). Asihamishwe bonde moja kwenda jingine kwa sababu huku kuna mwanga mzuri, maana ukungu ule unasafiri na chura na matope ya viatu: utafiti wa 2019 ulisema umechangia kupungua kwa aina zisizopungua 501 duniani, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa hazipo tena. Atakayeleta picha ya chura aliyefungwa uzi mguuni atolewe, hata iwe nzuri namna gani.

Kuhusu yule mheshimiwa mtarajiwa aliyejitolea kulipia uchapaji kwa sharti sura yake ikae juu ya kila mwezi, sina maneno mengi. Miezi 12, sura 12, tabasamu lile lile. Heri tuchape nyeusi na nyeupe.

Mwenyekiti ana hoja moja ambayo sitaikimbia: picha yenye ukungu ikikuzwa ukurasa mzima itaharibu mauzo, na shule inahitaji pesa. Kweli. Basi isikuzwe. Iwekwe ndogo, robo ukurasa, ishirikiane mwezi na picha nyingine ya hapo hapo kijijini. Tuna picha zaidi ya 30 zilizoletwa, nimezihesabu mwenyewe kwenye flashi. Miezi yote inajaa, na Februari inaweza kubeba mbili. Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, mimi ni chura, napiga kelele, na ng'ombe anywe maji yake. Ila kisima kisijazwe picha za kuazima.

Kikao ni Alhamisi saa kumi jioni, chini ya ule mwembe nyuma ya kafeteria. Wote mliochangia mia tano mna haki ya kupiga kura, msiniachie peke yangu halafu mnipe pole hosteli. Hoja yangu ni moja: miezi wa nne na wa tisa irudi Nyamahanga. Ikipita au isipopita, Jumatatu nampigia mjomba wake yule binti simu, nimwombe ampe niongee naye, nimwambie kuhusu salamanda.