Mama Mkwe Anapokusahau Jina

Mwezi huu tuzungumze juu ya mzigo ambao wengi wetu tunaubeba kimya kimya: kumtunza mzazi aliyepotewa na kumbukumbu.

Nianze na nyumba yangu hapa Buswelu. Baba mkwe alipofariki, tulimchukua mama mkwe tukae naye. Mwanzoni alisahau vitu vidogo tu. Mboga aliitia chumvi mara mbili, ufunguo haukuonekana. Baadaye akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Usiku huamka, hujifunga kanga na kusema anakwenda kwao kukamua ng'ombe. Alfajiri moja alikutwa ameketi uani kwa jirani, hajui amefikaje.

Ninyi mnaoishi Usukumani mnaelewa kwa nini nilitetemeka. Kikongwe kukutwa alfajiri katika ua wa watu! Kabla ya saa nne neno lilikuwa limeshafika bombani. Katika mikoa yetu ya Mwanza na Shinyanga wako akina bibi waliouawa kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho yale yaliletwa na moshi wa majiko waliyopikia watoto wao. Kwa hofu na uchovu nilimfungia chumbani siku mbili. Alilia kama mtoto mchanga. Naona aibu kuliandika hili, lakini ni kweli.

Mama mmoja wa umoja wetu wa wanawake alikuja kuniangalia, maana sikuonekana ibadani Jumapili tatu. Hakunihubiria. Aliosha vyombo, kisha akasema, "Mwanangu, nenda kalale. Mimi nitakaa na mama." Nililala saa tano mfululizo. Nilipoamka niliwakuta wanachambua mchele pamoja, mama mkwe anacheka.

Jioni ile nilimkumbuka Musa mlimani. Mikono yake ilipochoka, Haruni na Huri waliishikilia, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kama Musa alihitaji wenzake, mimi ni nani nijifanye chuma?

Tulimpeleka hospitali. Hili usiliache, mama, kwa sababu malaria, maambukizo ya mkojo, sukari, upungufu wa damu na hata huzuni nzito vinaweza kumvuruga mzee akili, navyo vina tiba. Kwa mama mkwe wangu ilikuwa ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kiasi cha wazee 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini matunzo yanasaidia sana.

Haya ndiyo tuliyoyafanya, nawe waweza kuyajaribu:

1. Tulisema wazi. Mimi na mume wangu tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani, tukaeleza kwamba mama ni mgonjwa, na kwamba akionekana njiani ashikwe mkono na kurudishwa nyumbani. Minong'ono ilipungua. Siri ndiyo inayolisha uvumi.

2. Tulipanga zamu. Wanawake wanne wa umoja wetu huja kwa zamu, kila mmoja saa tatu kwa juma. Saa hizo nakwenda sokoni, au nalala.

3. Mume na wifi zangu wana sehemu yao. Huyu ni mama yao. Si haki aachiwe mkwe peke yake.

4. Hatubishani naye. Akisema anakwenda kukamua, namwuliza ng'ombe yule alikuwa wa rangi gani. Husimulia, akatulia.

5. Tunampa kazi nyepesi, kama kupukuchua mahindi au kukunja nguo. Jiko la moto haachwi nalo, na mlango wa nje hufungwa usiku huku mmoja wetu akilala karibu naye.

Nawe ambaye nyumbani kwako hakuna mgonjwa wa namna hii, usimwulize mwenzako, "Nikusaidie nini?" Aliyechoka hana jibu. Nenda na michembe yako kidogo, keti na bibi, mwambie mwenzako akapumzike.

Juzi mama mkwe alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Jina lako silijui, lakini wewe ni mtu wangu." Nimelipokea neno hilo kama malipo yangu.

Jumapili hii, angalia ni mama gani hajaonekana ibadani. Kisha mwendee.