Ubahili wa Biti 32

Leo nina la moyoni.

Hivi karibuni nilikuwa Wanging'ombe, nikarekodi kwa simu mkutano wa kijiji kuhusu mgogoro wa mpaka. Saa mbili za video, faili moja la GB 6. Wanakijiji wakaomba nakala nzima isiyokatwa, wasije wakaambiwa imechezewa. Nikaingia stesheneri moja Makambako na flashi mpya ya GB 32, tupu kabisa. Kompyuta ikagoma: faili ni kubwa mno! Kijana wa pale akatoa hukumu: "Dada, flashi imekufa hii."

Haijafa. Imepangwa kwa FAT32, mfumo uliokuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95. Ukubwa wa kila faili unaandikwa humo kwa namba ya biti 32, nayo inaishia 4,294,967,295. Baiti moja pungufu ya GB 4. Nafasi ipo tele, namba ya kuihesabia ndiyo hakuna.

Rafiki yangu mwandika programu akautetea ubahili huo. Eti namba ya biti 64 inakula kumbukumbu maradufu, na prosesa ya biti 32 inaijumlisha kwa hatua mbili badala ya moja. Ni kweli. Ukiwa na orodha ya namba milioni moja, MB 4 zinakuwa MB 8. Hapo bana matumizi, sikukatazi.

Lakini ukubwa wa faili ni namba moja tu! Baiti nne za ziada kwa faili la mamilioni ya baiti. Na hiyo hatua ya pili inakwisha zamani, wakati diski ya kuzunguka bado inahangaika milisekunde kadhaa kutafuta data. Prosesa ya biti 64 haihitaji hata hiyo hatua ya pili. Huku ni kuhesabu punje za chumvi wakati gunia la mahindi linavuja.

Msiniambie hawakujua. NTFS ya Microsoft hao hao ilitumia biti 64 tangu 1993. Mwaka huohuo wa 1996, makampuni ya Unix yalikubaliana jinsi mashine za biti 32 zitakavyofungua faili kubwa. Na exFAT, yenye biti 64, ipo tangu 2006.

Niliipanga flashi upya kwa exFAT, video ikaingia nzima. Redio nyingi za zamani hazitaisoma, sawa. Ila ushahidi wa wanakijiji haukukatwa.

Nyie mnaoandika programu: baneni kwingine. Naomba kutoa hoja.