Tuijue treni isiyobeba abiria

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, takribani kilomita 282, ulitiwa saini Januari 2025. Ukiuweka pamoja na ule wa Tabora–Kigoma wa Desemba 2022, wenye kilomita 506, utaona kwamba nyanda za juu za Kigoma, ambazo kwa zaidi ya karne zimekuwa zikiitazama reli kwa mbali, sasa zinafuatwa nayo hadi mlangoni. Mkulima wa Kasulu atauliza kwanza habari ya fidia, kisha gharama ya kusafirisha gunia la maharage. Ni maswali ya haki. Lipo jingine ambalo halisikiki mikutanoni, nalo kwa maoni yangu ndilo litakaloamua kama reli hiyo itadumu: nani ataipima, na majibu ya kipimo yatamfikia nani?

Chombo cha kupima reli hakifanani na treni tuliyoizoea. Kwetu kinachojulikana zaidi ni kiberenge, kigari kidogo chenye injini kinachopita juu ya reli kikiwa na mafundi na vifaa vyao, ambacho watoto hukipungia mkono kama kichekesho. Kwingine ni treni kamili. Japani wanayo ya njano iitwayo Doctor Yellow, inayokimbia kwenye njia za Shinkansen kila baada ya siku kama 10. Uingereza wanayo ya njano pia, iliyoanza kazi mwaka 2003. Ukiiona treni fupi isiyo na abiria wala shehena, yenye kamera na taa chini ya tumbo, jua kwamba haikupotea njia. Inapima upana kati ya reli mbili, usawa wa kulia na kushoto, mpindo wa njia na unyoofu wake. Zipo pia zinazopenyeza mawimbi ya sauti ndani ya chuma kutafuta ufa ambao jicho haliuoni. Reli yetu ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000 na iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina maungio mengi, na fundi mzoefu aliyeketi kwenye kiberenge huusikia ubovu kwa masikio na kwa makalio. Reli mpya ya milimita 1,435 huunganishwa kwa kuchomelewa, ikawa kimya. Kilomita moja ya chuma, joto likipanda nyuzi 20, ingerefuka takribani sentimita 23 kama ingeachwa huru. Kwa kuwa imebanwa na mataruma na kokoto, nguvu hiyo yote hukaa ndani ikisubiri mahali palipolegea. Treni ya umeme ya kilomita 160 kwa saa haimpi dereva muda wa kugundua palipolegea.

Lakini kupima si kutengeneza, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield, Uingereza, reli ilivunjika vipande zaidi ya 300 chini ya treni na watu wanne wakafa. Nyufa za reli ile zilikuwa zimekwisha kujulikana, na reli mpya ya kubadilishia ilikuwa imeshaletwa. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni mtu wa nje wa kuuliza bila kuchoka: mbona bado? Taarifa ya ubovu ikibaki ndani ya ofisi ileile inayotakiwa kuurekebisha, huwa rahisi kuisogeza hadi mwezi ujao. Ndiyo maana nchini Marekani mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa reli ina mabehewa yake ya kupimia, mbali na yale ya kampuni. Sisi tunayo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na ingefaa nayo iwe na jicho lake, au walau iagize kwamba kila baada ya kipimo Shirika la Reli libandike stesheni mambo matatu: njia ilipimwa lini, vipande gani treni imeamriwa kupunguza mwendo, na vitatengenezwa kufikia lini.

Watu wa Kigoma wana sababu ya ziada ya kudai hilo. Ukarabati wa reli ya zamani uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2014 ulilenga Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, si kipande cha Tabora hadi Kigoma. Msafiri wa Kigoma, kwa tiketi moja, hupita juu ya njia za hali mbili tofauti bila kuambiwa wapi moja inaishia. Na Juni 2022, treni iliyotoka Kigoma kwenda Dar es Salaam ilipoanguka Malolo, Tabora, watu wanne walikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Sisemi kipimo kingeizuia ajali ile. Nasema abiria wale walistahili kujua njia waliyopanda ilikaguliwa lini.

Wapo watakaosema kutangaza udhaifu wa reli ni kuwaalika wezi wa vyuma na wahujumu. Hoja hii ina uzito, ila inachanganya ratiba na majibu. Hata Japani ratiba ya Doctor Yellow haitangazwi. Watu huiona kwa bahati, na wengine huamini kuiona kwenyewe ni neema. Ninachoomba kitolewe ni matokeo baada ya chombo kupita. Mwizi anayekaa jirani na reli hahitaji ubao wa stesheni kujua taruma lipi limelegea. Wengine wanahofia taharuki, kwamba mwananchi akisoma “mwendo umepunguzwa” ataikimbia treni. Mbona basi la kwenda Nyakanazi hupanda watu wanaojua kila shimo la barabara kwa jina? Anayejua kwamba kuna tahadhari husafiri kwa utulivu kuliko anayebahatisha.

Pingamizi la tatu hutoka kwetu wenyewe: Kasulu na Kibondo hazina stesheni, reli inatuhusu nini? Inatuhusu kwa bei. Shehena iliyokwama njiani kwa sababu tuta limeliwa na maji hulipwa na mnunuzi wa saruji na mbolea huku juu, hata kama hajawahi kuiona treni. Na njia ya Musongati ikikamilika, majirani wa reli watakuwa wakulima na wafugaji wasiowahi kuishi nayo. Hao wanahitaji kuambiwa mapema kwamba kiberenge si kichekesho: Machi 2020, watumishi watano wa Shirika la Reli walikufa mkoani Tanga kiberenge chao kilipogongana na treni ya mizigo. Chombo kile ni treni kama treni nyingine, na kivuko hakivukwi chombo hicho kinapokuja, hata kiwe kidogo namna gani.

Gharama ya kubandika majibu ni ndogo, kwa kuwa vipimo huchukuliwa na kuandikwa vyovyote vile. Kinachotakiwa ni kifungu kimoja kwenye masharti ya uendeshaji wa njia mpya, kiingizwe sasa wakati vichwa vya treni ya umeme havijafika Uvinza, na mtu wa kuuliza kila mara ubao ukikaa wazi kupita tarehe yake.