Risala ya Wazazi wa Kiptere Kuhusu Watoto Wenye Uvimbe wa Wengu

Mheshimiwa mgeni rasmi, machifu, wazee wetu, wahudumu wa afya na wazazi wenzetu,

Sisi wazazi wa Kiptere, wachuma chai na wakulima wadogo, tunasimama kwa ajili ya watoto wachache ambao ugonjwa wao hufichwa na ugonjwa wa wengi.

MALALAMIKO YETU

1. Malaria huvimbisha wengu, nasi malaria tunaijua. Basi mtoto mwenye tumbo gumu chini ya mbavu za kushoto hupewa dawa za malaria, hata kipimo kikionyesha hana. Akirudi, hupewa zile zile.

2. Huenda mtoto huyo ana hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu, au hamatoma ya wengu, uvimbe wa nyama ya wengu wenyewe, ambayo mwanapatholojia Rokitansky aliieleza mwaka 1861. Hizi si saratani. Hata hivyo, uvimbe ukikua, wengu huweza kunasa chembe za damu. Mtoto akaishiwa damu, akavuja damu upesi, akadumaa.

3. Kutafuta daktari bingwa hadi Eldoret au Nairobi humgharimu mzazi nauli na kibarua.

MADAI YETU

1. Mtoto ambaye wengu umevimba na hana malaria, au ametibiwa na haujanywea, apigwe picha ya ultrasaundi na kupimwa damu kikamilifu.

2. Uvimbe mdogo usiomsumbua ufuatiliwe kwa picha. Upasuaji ukilazimu, ikatwe sehemu yenye uvimbe tu inapowezekana, na nyama iliyotolewa ichunguzwe na mwanapatholojia. Tunasema hivi kwa sababu wengu huchuja vijidudu. Asiye nao anaweza kuuawa na maambukizi ya damu kwa muda wa saa chache, na malaria humwelemea zaidi.

3. Anayetolewa wengu wote achanjwe angalau wiki 2 kabla. Chanjo ya numokokasi imo katika ratiba ya taifa tangu 2011. Chanjo zilizobaki, pamoja na penisilini ya kila siku na neti, asinunue mzazi. Naye mzazi aambiwe wazi: homa yoyote ni ya kukimbiza hospitalini.

4. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, igharamie picha, upasuaji na safari ya rufaa.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya matibabu, hata mwenye ugonjwa adimu. Tunadai majibu kwa maandishi, yasomwe katika baraza la chifu hapa Kiptere.

Ni sisi,
Wazazi wa Kiptere