BINTI AMEJIBU MTIHANI, SISI JE?



Kila mwaka yanapotoka matokeo ya Kidato cha Nne mwezi wa Januari, na ya Kidato cha Sita mwezi wa Julai, husikika neno moja katika mabasi, barazani na hata katika ofisi za wakubwa. Neno lenyewe ni hili: "Ati shule ya Serikali ya wasichana itamfaulisha nani?" Asemaye hivyo hutikisa kichwa kama mganga aliyekwisha kupiga bao, kisha huendelea kunywa chai yake. Tumelisikia neno hili mara nyingi mno. Leo twataka kulijibu, kwani uongo ukiachwa bila jibu hugeuka kuwa desturi.

Twasema waziwazi: neno hilo ni kasumba, na kasumba hii ina umri mrefu. Zama za mkoloni elimu ya nchi hii iligawanywa mafungu matatu kwa rangi za watu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Mwafrika alikuwa wa mwisho, na binti wa Mwafrika alikuwa wa mwisho katika hao wa mwisho. Ni kweli Shule ya Wasichana ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1928. Lakini ulizeni wazee wenu ni wangapi walioingia, na walitakiwa wawe nani watokapo. Alitakiwa binti ajue kushona, kufua na kupika, apate kumfaa karani wa bomani. Kuwa daktari wa bomani hakukuwa katika hesabu za mabwana wale.

Ndipo mwaka 1954 TANU ikaundwa. Bibi Titi Mohamed na akina mama wenzake, ambao wengi wao mkoloni hakuwapa nafasi ya kusoma sana, wakapita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watu katika chama. Akina mama wale hawakutoka jasho ili binti zao waendelee kukaa jikoni. Tulipojitawala mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari katika Tanganyika nzima hawakufika 12,000, na wasichana walikuwa sehemu ndogo ya hao. Tarehe 1 Januari 1962 elimu ya kubagua rangi ikafutwa. Mwaka 1964 karo ya sekondari ikaondolewa. Sheria ya mwaka 1969 ikaipa Serikali uwezo wa kuzichukua shule zilizokuwa mikononi mwa wengine, ziwe za wananchi wote. Karo ilirudi miaka ya 1980, nasi hatuna sababu ya kuficha hilo. Lakini mwaka 2016 ikaondolewa tena hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikaondolewa Kidato cha Tano na cha Sita.

Basi mtu akisema shule ya Serikali ya wasichana si kitu, ajue anatukana kazi ya miaka mingi. Anatazama mlango uliofunguliwa kwa jasho la watu, naye anasema ni ukuta.

Msichana mmoja wa kisiwa cha Ukerewe alivuka ziwa akasafiri hadi Morogoro kusoma katika shule ya masista, ambayo baadaye ilikuwa ya umma na leo yaitwa Kilakala. Jina lake ni Gertrude Mongella. Mwaka 1995 dunia nzima ilipokutana Beijing kuzungumza habari za wanawake, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano ule. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Wakati wake mlango ule ulikuwa mwembamba, nao ulipitisha wachache. Kazi ya shule ya umma ni kuupanua, ili wa Ukerewe, wa Nachingwea na wa Kibondo wapite pamoja, awe baba yao ni mvuvi, mkulima au kuli.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wapinzani wetu hupenda sana kutishia watu kwa hesabu.

Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Wako waliolia kama waliofiwa. Sisi hatukulia. Chukueni mfano huu mpime wenyewe. Shule moja ina watahiniwa 40, wote wamepata Daraja la Kwanza. Shule ya pili, ya wasichana na ya Serikali, ina watahiniwa 150: 90 wamepata Daraja la Kwanza, 45 la Pili, na 15 la Tatu. Katika orodha ya zamani ile ya kwanza ingekaa juu, na hii ya pili ingetafutwa huko chini. Lakini nchi imepata wapi watoto wengi walio tayari kwa kazi ngumu: kwa 40 au kwa 90? Mtoto mdogo wa darasa la pili atakujibu. Mwenye kasumba hatakujibu, kwa sababu yeye haangalii nchi bali anaangalia orodha.

Tena iko hila nyingine. Zipo shule za kulipia, wala hatusemi zote, zinazompokea mtoto Kidato cha Kwanza, na akishindwa kufikia wastani wanaoutaka humkaririsha, au humwambia baba yake amtafutie shule nyingine. Serikali imekwisha kulikemea jambo hili zaidi ya mara moja. Kufikia Kidato cha Nne wamebaki wale tu ambao wangefaulu hata wakisomea chini ya mwembe. Kisha shule hiyo hupiga ngoma: "Hatuna sifuri!" Mvuvi akitupa baharini samaki wote wadogo kabla ya kufika pwani, je, aweza kujisifu kwamba nyavu zake hazivui wadogo? Debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini, ndugu, haifai kumkosoa jirani huku kwetu kumejaa vumbi. Shule zetu za vipaji maalumu, na kwa wasichana ni Tabora, Kilakala na Msalato, nazo hupokea watoto waliochaguliwa kwa alama za juu. Wakifaulu, tuwapongeze kwa moyo wote, maana wamefanya kazi. Lakini kiongozi asisimame jukwaani akaonyesha shule hizo tatu peke yake kana kwamba ndizo nchi nzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mizani ya kweli ya kazi yetu iko kwa yule binti wa shule ya kata.

Na hapo ndipo penye uchungu. Katika mitihani ya Kidato cha Nne ya miaka hii ya karibuni, wasichana wamekuwa zaidi ya nusu ya watahiniwa. Huo ni ushindi ambao Bibi Titi angeushangilia. Lakini ukitazama Daraja la Kwanza hadi la Tatu, utaona wavulana wamepita kwa kiwango kikubwa kuliko dada zao. Wenye kasumba wakiona hivyo hurukia kusema, "Mwaona? Akili ya msichana haifiki." Hasha! Haikupungua akili, bali kilichopungua ni saa.

Mfuateni binti huyo siku moja tu. Anaamka kabla ya alfajiri, anachota maji, anafagia, anamwogesha mdogo wake. Anatembea mwendo mrefu kwenda shule, na njiani wako wanaume wazima wasio na haya wanaomngoja na pikipiki zao na chipsi zao. Akirudi jioni anapika. Kaka yake aliyesoma naye darasa moja yuko kiwanjani, au ameketi na kitabu chake. Saa tatu usiku binti ndiyo kwanza anafungua daftari, na macho yamekwisha kuwa mazito. Zipo siku za mwezi anazobaki nyumbani kwa kuwa choo cha shule hakina maji wala mlango. Kisha mwezi wa Novemba wote wawili wanakalishwa mbele ya karatasi moja, na sisi watu wazima tunasema mtihani ni wa haki!

Mchukueni sasa binti huyo huyo mkampe kitanda katika bweni, maji bombani, taa hadi saa nne za usiku, na mwalimu anayekaa karibu. Shule za bweni za wasichana zimekwisha kutuonyesha kinachotokea: binti yule yule aliyeitwa mzito anaanza kuwafundisha wenzake. Hakuna uchawi hapa. Amepewa saa nne za kusoma ambazo kijijini zililiwa na ndoo na sufuria. Kwa hiyo kila Daraja la Kwanza linalotoka katika shule ya Serikali ya wasichana ni ushahidi juu yetu sote. Linasema: mlijua dawa, mbona hamkuwapa na wengine?

Iko shabaha nyingine ya kutazama, nayo ni Hisabati. Pointi za Kidato cha Nne huhesabiwa kwa masomo saba yaliyo bora. A ni pointi 1, na Daraja la Kwanza ni kuanzia pointi 7 hadi 17. Maana yake ni kwamba daraja zuri laweza kuficha F ya Hisabati, na mzazi akashangilia bila kugeuza karatasi. Katika mtihani wa mwaka 2022 waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kama mtahiniwa mmoja tu katika kila watano. Hilo ni balaa la wavulana na wasichana pamoja, lakini msichana huongezewa na maneno: tangu yuko shule ya msingi anaambiwa na shangazi, na jirani, na wakati mwingine na mwalimu mwenyewe, kwamba namba ni za wanaume. Aliyeshindwa Hisabati amefungiwa milango mingi: uhandisi, upimaji wa ardhi, ufundi wa mitambo, urubani. Hatukuwafukuza wakoloni ili wahandisi wa madaraja yetu waendelee kutoka nje, na binti zetu wabaki kuwapikia.

Basi twataka nini? Hatuandiki ili kunung'unika. Twataka mambo matano, nayo tunayasema kwa wazi.

Kwanza, walimu wa Hisabati na Fizikia wapelekwe katika shule za wasichana na za kata kabla ya mjini, na wajengewe nyumba za kukaa, maana mwalimu asiye na pa kulala atatafuta uhamisho tangu siku ya kwanza.

Pili, mabweni. Serikali imeanzisha ujenzi wa shule 26 za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Bara. Ni jambo jema, na tunalisifu. Lakini jengo la maabara bila dawa za maabara ni ghala tu. Rangi ya ukutani haifundishi Kemia. Wanachama wa kila mkoa waingie wakague, waulize, na wasiridhike kwa kukata utepe.

Tatu, karo imeondolewa, lakini barua ya kujiunga na shule bado ina orodha ndefu: godoro, ndoo, shuka, viatu, fagio, nauli. Yupo binti anayechaguliwa kwenda shule nzuri mbali, naye akabaki nyumbani kwa kukosa godoro. Kila tawi la chama lijue majina ya binti waliochaguliwa katika eneo lake, na pasiwe na mmoja anayebaki kwa ajili hiyo. Twaweza kuchangia harusi usiku kucha. Je, hatuwezi kuchangia godoro?

Nne, binti aliyepata mtoto arudi darasani. Tangu mwezi wa Novemba 2021 njia iko wazi, na bado wako wazazi na walimu wanaomfungia mlango kwa aibu zao wenyewe. Na mwanamume aliyemharibia masomo asifichwe kwa mbuzi wawili na kikao cha ukoo. Afikishwe mbele ya sheria.

Tano, na hili ni la wakubwa wetu. Ninyi mnaosimama majukwaani mkisifu shule za umma, watoto wenu wanasoma wapi? Hatuwaingilii nyumbani kwenu. Twasema tu kwamba mpishi asiyekula chakula chake mwenyewe huwatia wageni wasiwasi. Siku binti wa Mkurugenzi atakapochota maji kisima kimoja na binti wa mkulima, kisima hicho kitachimbwa upesi.

Na yakitoka matokeo mwakani, tusiulize tena shule ipi imekuwa ya kwanza. Tuulize hivi: wasichana wangapi waliingia Kidato cha Kwanza miaka minne iliyopita? Wangapi wamefika chumba cha mtihani? Waliokosekana wako wapi, na nani aliwatafuta? Wangapi wamefaulu Hisabati? Mwalimu mkuu akijibu maswali hayo bila kubabaika, huyo apewe heshima, hata kama shule yake haina jina gazetini.

Kwa ninyi binti zetu mnaokaa usiku huu chini ya taa za mabweni, na ninyi mnaosomea kwa tochi ya simu baada ya kuosha vyombo: mtu asiwadanganye kwamba mnahurumiwa. Mnadaiwa, nanyi mnatudai. Ninyi mnadaiwa bidii, na tunajua mtalipa, kwani mmekwisha kuanza. Sisi tunadaiwa maji, mabweni, walimu na saa za kusoma. Deni letu limechelewa, ndugu wananchi. Tulipe.

Uhuru na Kazi!