Dawa yenye kubeba nuru mpaka kwenye kansa: Goma iko wapi?

Familia nyingi za Kivu zinasikia habari hii kwenye WhatsApp: kuna serumu mupya inayotafuta kansa ya prostati yenyewe na kuichoma. Habari ni ya kweli, lakini iko nusu.

Dawa hiyo ina vipande 3. Cha kwanza kinatambua seli za kansa, kama funguo na kufuli. Cha pili ni chuma chenye kutoa mionzi, mara nyingi lutetiamu-177. Cha tatu ndicho kinachowaumiza wakemia kichwa: molekuli ya mduara inayoshika chuma kisitoroke njiani. Lutetiamu ikiponyoka inakwenda kwenye mifupa, mahali damu inapotengenezwa.

Mduara unaotumika sana unaitwa DOTA. Unashika lutetiamu vizuri, lakini aktiniamu-225, yenye nguvu zaidi, ni kubwa kwake. Mwaka 2017, watafiti wa Cornell, Marekani, walionyesha mduara mupana zaidi, makropa, unaokamata aktiniamu kwa dakika chache bila kuchemshwa. Pretoria, Afrika Kusini, waganga wa hospitali ya Steve Biko wamekwisha kuwapa wagonjwa aktiniamu.

Kongo haiko mbali na historia hii. Kuanzia 1922, radiamu ya Shinkolobwe, Katanga, ilisafishwa Olen, Ubelgiji, na kutumika kutibu kansa Ulaya. Leo radiamu ni moja ya vitu vinavyotengenezewa aktiniamu.

Kwa Goma, shida ya kwanza ni saa. Lutetiamu inapoteza nusu ya nguvu kila siku 6 na nusu hivi. Ikikawia siku 4 njiani, theluthi moja imekwisha kupotea. Muji ambao uwanja wake wa ndeke ulifungwa Januari 2025, wakati wa vita, hauwezi kutegemea dawa ya namna hiyo. Tena inahitaji mashine ya kuonyesha kama kansa inaipokea, na chumba cha kuzuia mionzi. Kituo cha mionzi cha Kanombe, Kigali, kilichoanza 2019, kilianza na mionzi ya mashine kutoka nje ya mwili. Hiyo ni tiba ingine.

Shida ya pili ni makuta, na hapa ukweli usemwe kabla mutu hajauza kiwanja. Katika utafiti mukubwa uliotangazwa 2021, juu ya wanaume ambao kansa ilikuwa imesambaa na dawa zingine zimeshindwa, waliopata lutetiamu waliishi kwa wastani miezi 15, wengine miezi 11. Ni miezi 4 ya kuongeza. Kwa baba mwenye watoto si kidogo, lakini si kupona.

Kansa ya prostati ikionekana mapema, operesheni inaweza kuiponya. Mzee anayeamuka usiku mara kwa mara kukojoa, ao anayeona damu kwenye mukojo, asingojee serumu ya mbali. Aende kwa munganga, apimwe damu.