Mnatuambia Tuongee. Tuongee na Nani?

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, mabango hufika hadi Eastlands. Hema jeupe, spika mbili, fulana za bure, na mgeni wa heshima anayetuambia tuache kunyamaza. Vijana, ongeeni. Wanaume, ongeeni. Saa kumi hema linakunjwa, gari linashika Jogoo Road kurudi tao, sisi tunabaki na fulana.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa, tumefichua. Mkunga yuko wapi?

Hoja yangu ni moja. Sehemu kubwa ya pesa za kutuhamasisha ihamishwe, ikalipie masomo ya uzamili ya wanasihi kutoka mitaa hii: Kayole, Dandora, Huruma, Umoja, Kaloleni. Uwe ufadhili kamili, usiwe mkopo, na anayeupata aweke sahihi kwamba atarudi kufanya kazi hapa.

Serikali haiwezi kusema haikuambiwa. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe janga la kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Kwa hivyo tumekubaliana kwamba mtu huyo anahitaji msaada, si seli. Poa. Msaada huo atapewa na nani, na atalipa na nini? Kikao kimoja cha mnasihi wa kibinafsi Nairobi kinaweza kula elfu tatu au zaidi. Hapa kwetu kuna watu wanaolala na kuoga kwenye chumba ambacho kodi yake haiko mbali sana na hiyo.

Tangu 2014 tuna sheria inayotaka mnasihi awe amesomea kazi na amesajiliwa na bodi. Naiunga mkono. Sitaki mtu wa semina ya wikendi achezee kichwa cha mama aliyefiwa. Lakini waliweka kufuli mlangoni halafu wakaacha ufunguo uuzwe. Uzamili wa unasihi si karo peke yake. Kuna mafunzo ya vitendo, masaa kwa masaa ya kukaa na wateja bila malipo. Kuna msimamizi wa kukagua kazi yako, na mara nyingi wewe ndiye unayemlipa. Kuna vikao vyako mwenyewe, kwa sababu huwezi kubeba mizigo ya watu kama wako hujaufungua. Na kuna nauli.

Nayasema haya nikiyaishi. Mimi ni wa Umoja, nina digrii ya saikolojia, na uzamili wangu umekwama kwenye mafunzo ya vitendo, mwaka wa pili sasa. Kituo nilichopewa kilikuwa ng'ambo ya pili ya jiji, siku tatu kwa wiki, bila hata ya chai. Kazini nikaambiwa nichague. Nikachagua kodi ya nyumba. Wenzangu waliomaliza kwa wakati ni wale ambao kodi yao ililipwa na mtu mwingine. Hawakuwa na akili kuliko sisi, walikuwa tu na mgongo wa kuegemea. Hivyo ndivyo taaluma nzima inavyochujwa, kimya kimya, bila mtu yeyote kufeli mtihani.

Kwa nini ujali ni nani anachujwa? Kwa sababu ya lugha. Mtaani hakuna anayekuambia ana mfadhaiko. Unamuuliza "Vipi?" anakujibu "Niko tu." Maneno mawili. Yanaweza kuwa salamu ya kawaida, yanaweza kuwa ya mtu ambaye hajalala usiku tatu. Aliyekulia hapa anasikia tofauti. Aliyefunzwa kwa fomu za Kizungu pekee ataandika kwamba mteja hana malalamiko. Aliyekulia hapa pia anajua kwa nini mama wa Mathare hatampeleka mwanawe Hospitali ya Mathari, ingawa iko pale pale Thika Road tangu 1910: jina hilo watu wamelifanya tusi.

Wapo watakaosema HELB inatoa mikopo ya uzamili. Ni kweli, ila mkopo humchagulia mnasihi wateja. Ukitoka chuoni na deni, huwezi kukaa Kayole ukipokea mia mbili kwa kikao. Utapanga ofisi Kilimani, kwa wanaoweza kulipa. Usimlaumu. Laumu deni.

Wapo watakaotaja Zimbabwe. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 huko Mbare, Harare, wakikaa kwenye benchi na watu wanaosumbuliwa na kile Washona wanaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba watu walipata nafuu. Naupenda mpango huo sana. Lakini bibi hao walifunzwa, wanasimamiwa, na mgonjwa akiwazidi wana pa kumpeleka. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 Septemba 2023. Siku mmoja wao atakapobisha mlango Korogocho na kukuta msichana anayesema amechoka kuishi, atampigia nani? Benchi bila mtu wa juu yake ni kiti tu.

Na wapo watakaosema tutasoma kwa pesa za umma halafu tupande ndege. Ndiyo maana nasema tuwekewe mkataba: kila mwaka wa ufadhili, mwaka mmoja wa kazi Eastlands, kwa mshahara. Anayekatiza arudishe pesa. Vyumba vipo. Ukumbi wa Kaloleni umesimama tangu enzi za mkoloni, na zahanati za kaunti zipo. Ufadhili wenyewe ulipe karo, msimamizi, nauli, na posho ya miezi ya mafunzo. Usipolipa posho, utawasomesha tena wale wale waliokuwa wanajiweza.

Basari za eneo bunge tunazijua: zinakatwa vipande vidogo ili picha ziwe nyingi. Mwanafunzi mmoja aliyelipiwa mpaka mwisho ana faida kuliko hundi kubwa ya kadibodi.

Mwaka 2027 wataingia mitaani na spika kubwa kuliko zile za Oktoba. Usichukue fulana kabla hujauliza: umelipia wanasihi wangapi wa mtaa huu masomo, na wanafanya kazi wapi leo?